Ulikuwa Unaangalia Nini?

Mimi ni shoferi. Haya naandika kwenye daftari nikiwa ndani ya gari, hapa Biryogo, namsubiri mteja aliyeniambia "dakika tano tu" na sasa imekuwa nusu saa. Wenzangu wa Kiziba mnaosoma jarida hili mtacheka, maana mnanijua. Nilifika kambini mwisho wa mwaka 1996 nikiwa na miaka mitano, na mpaka natimiza miaka kumi na minane magari niliyopanda yalikuwa yanahesabika kwa vidole: lori lililotuleta, gari la wagonjwa siku nilipovunjika mkono, na basi la Kibuye mara tatu au nne. Leo nashika usukani kila siku ya Mungu. Ninalotaka kusimulia ni jambo la aibu. Nimelikalia muda mrefu, na nimeona bora nilitoe.

Kambini hatukuwa na majina ya njia. Ukielekezwa kwa mtu uliambiwa: karibu na bomba la maji, nyuma ya shule, pale kwa mama anayeuza sambaza. Ukipotea, unauliza mtoto, mtoto anakupeleka mpaka mlangoni. Nilipokuja Kigali kutafuta kazi nilifikiri mjini ni tofauti. Biryogo ikanionyesha kwamba si tofauti sana.

Kwa wasioijua, Biryogo ni mtaa wa zamani wa Waswahili wa Kigali. Hapa kuna msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa 1913 na unaohesabiwa kuwa wa kwanza Rwanda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini Biryogo haikungoja Bunge, ilikuwa inauza na kununua kwa Kiswahili kabla wabunge hao hawajazaliwa. Wazee wa hapa husimulia kwamba wakati wa Wabelgiji mtaa huu ulikuwa kama kambi. Waislamu walipangiwa kukaa hapa, na kutoka kulihitaji ruhusa. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka, na mzee aliyekuwa anasimulia akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia: "Muzee, karatasi ya ruhusa naijua. Hata mama yangu anayo." Akanyamaza kidogo, kisha akaniagizia chai.

Hapa nako watu wanaelekezana kama kule Kiziba. Jiji limeweka vibao vizuri kila njia: KN ni Kigali upande wa Nyarugenge, KG ni upande wa Gasabo, KK ni Kicukiro, halafu inafuata namba. Lakini mwulize bibi yeyote wa Biryogo nyumba yake iko KN ngapi, atakuuliza kama umetumwa na serikali. Atakwambia tu panda mpaka msikitini, shuka kidogo, kuna duka la mchele. Ukiwa juu zaidi, Nyamirambo, utasikia "nishushe Kuri 40", "nishushe Cosmos", "nishushe Tapis Rouge", "nishushe Onatracom". Onatracom ilikuwa kampuni ya mabasi ya serikali. Mabasi yake hayapo tena, jina limebaki limesimama pale peke yake, na kila mtu anajua ni wapi.

Sasa fikiria mtu kama mimi, aliyekulia juu ya kilima kule Karongi, anapewa gari mjini na kuambiwa alete pesa kila jioni. Madereva waliozaliwa hapa wana mji mzima kichwani. Mteja akisema "nipeleke Sonatube", wao wameshaondoka. Mimi niliona haya kuuliza Sonatube ni nini. Ndipo simu ikaniokoa, na lazima niseme ukweli huu kabla sijasema mengine: simu ilinipa kazi. Unaandika jina, unatokea mstari wa buluu, sauti ya mwanamke inakwambia geuka kulia, geuka kushoto. Mwezi wa kwanza nilifika Kimironko, Gikondo, Kanombe, Kibagabaga, sehemu ambazo nilikuwa sijawahi kuzitia machoni, na hakuna mteja aliyejua kwamba mimi ni mgeni. Kwa mkimbizi hilo si jambo dogo. Tunaulizwa "wewe ni wa wapi?" mara nyingi mno. Simu haikuniuliza hata mara moja.

Ila kitu kinachokuokoa usipokiangalia kinakuzoea, na wewe unakizoea. Baada ya miezi michache nilikuwa nawasha ramani hata kwenda sehemu ninazozijua. Pesa ya kununua kishikio cha simu ilipatikana mara mbili, na mara mbili ikaenda kwenye chakula. Kwa hiyo simu ilikaa pajani. Kuiangalia ilibidi niinamishe kichwa kabisa, kama mtu anayesali.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, karibu na magharibi. Mteja alikuwa mama mfanyabiashara anayesafiri kwenda Dubai kuleta nguo, anatoka hapahapa Biryogo kwenda uwanja wa ndege Kanombe. Alinitumia lokesheni kwa simu, akasema: "Fuata hiyo, utanikuta." Mimi nilikuwa nimekaa mtaa huu miaka mitatu. Ningempigia nimwulize "mama, uko karibu na duka gani?" ningefika kwa dakika mbili. Lakini sikumpigia. Nilifuata nukta.

Mnaoijua Biryogo mnajua kwamba mwaka 2021, wakati wa korona, jiji lilifunga baadhi ya njia zake kwa magari ili mikahawa itoe meza na viti nje. Barabara zikapakwa rangi, nyekundu, njano, buluu, na mpaka leo jioni watu hukaa pale kula samaki wa kuchoma na kunywa chai. Siku ile simu yangu ilitaka nipite katikati ya meza. Nikaiepuka, nikaingia kichochoro cha pembeni, na kila nilipokata kona mstari ulijichora upya. Nukta ya yule mama ilikuwa inaonyesha nyuma ya ukuta, halafu juu ya paa, halafu njia ya pili. Naye anapiga simu: "Shoferi, uko wapi? Ndege haisubiri!" Nikakaza mwendo. Si sana, labda kilomita 20 kwa saa. Kichwa kiko chini, pajani.

Sikumwona mtoto. Niliona kitu chekundu, nikakanyaga breki kabla akili haijajua ni kitu gani. Gari likasimama kwa kishindo. Simu ikaruka ikaanguka chini ya pedali. Ile sauti ya mwanamke ikaendelea kule chini: geuka kushoto, geuka kushoto.

Nilipotoka, mvulana wa miaka minane hivi alikuwa amekaa chini mbele ya gari. Kati ya goti lake na bampa pangeingia kiganja kimoja. Alikuwa amebeba thamosi ya chai ya bibi yake, thamosi nyekundu, na ndiyo iliyokuwa chini ya tairi. Chai ilikuwa inatiririka kwenye mawe na inatoa moshi. Mtoto hakulia. Alikuwa anaiangalia ile chai tu.

Watu walitoka milangoni. Mnajua inavyokuwa. Vijana walishaanza kushika milango ya gari, mmoja akataka funguo. Halafu akaja bibi yake. Nilijitayarisha kutukanwa. Alimwinua mjukuu wake, akampapasa kichwa, mabega, miguu, akamsimamisha, akamwambia tembea. Mtoto akatembea. Ndipo akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua:

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa naangalia njia hii hii, kwenye kioo, badala ya kuiangalia kwa macho? Kwamba nilikuwa natafuta nyumba iliyo hatua hamsini kutoka kwake? Kule chini ya pedali ile sauti bado ilikuwa inanikokotea njia. Bibi akaisikia. Akachungulia ndani ya gari, akaniangalia tena, akasema: "Aa."

Hiyo "aa" ndiyo iliyonichoma kuliko tusi lolote.

Nililipa thamosi. Yule mama wa Dubai alichukuliwa na dereva mwingine, na pesa yake nikaikosa. Usiku sikulala. Nilikuwa napiga hesabu. Kama nisingewahi breki, mtoto yule angekufa au angelemaa. Hilo la kwanza, na hakuna la kulilinganisha nalo. Halafu ningefungwa, permi ingekwenda, bosi angedai gari lake, na mama yangu kule Kiziba angesikia kwa watu kwamba mwanawe aliyekwenda mjini kutafuta maisha ameua mtoto wa watu kwa sababu alikuwa anaangalia simu. Tulikimbia ili watoto wasife. Halafu mimi nije niwe ndiye niliyekaa nyuma ya usukani.

Kesho yake nilifanya hesabu nyingine, ya shule, kwenye daftari hili hili. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, kila sekunde moja linakula mita tano na nusu. Kwa 40 ni mita 11. Kwa 60 ni karibu mita 17. Kutupa jicho kwenye simu, kusoma jina la njia na kurudisha jicho barabarani kunachukua sekunde mbili kwa uchache. Kwa hiyo hata kwa ule mwendo wa kichochoroni, mita 11 nilizipita nikiwa kipofu. Kwa 60, kwenye barabara kubwa ya Kanombe, ni mita zaidi ya 30. Hebu pima mita 30 kwa hatua zako, halafu ujiulize kama ungekubali kuzitembea umefumba macho kando ya lami, achilia mbali kuziendesha. Sheria ya kutoshika simu ukiendesha nilikuwa naiona kama njia ya kututoza faini tu, kama zile kamera za mwendo ambazo mji mzima unaziita Sofia. Polisi wa Rwanda walipoanza kampeni yao ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, tangazo nililisikia redioni mara nyingi mpaka nikaacha kulisikia. Maana yake ni ufike kwa amani. Nilidhani anayeambiwa afike ni mimi. Kumbe na mtoto mwenye thamosi naye alikuwa na safari yake.

Baada ya hapo nilitaka kujua kile kitu kinafanyaje kazi. Nilimwuliza kijana mmoja fundi wa simu, nikasoma, nikauliza tena. Nitawaeleza nilivyoelewa, maana kambini tunaongea mengi ya uongo juu ya setilaiti.

Juu yetu, kama kilomita 20,200, zinazunguka setilaiti za mfumo wa Wamarekani unaoitwa GPS. Zinatakiwa zisipungue 24. Zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Warusi wana wa kwao, Wachina wana wa kwao, Ulaya nao, na simu nyingi za sasa husikiliza zote. Kila setilaiti ina saa sahihi sana ndani yake, na kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko hapa, na saa ni hii. Simu yako inapokea tangazo, inapima limechukua muda gani kufika, na muda huo ukiwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, inajua umbali. Ikisikia setilaiti nne inaweza kusema uko wapi. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, unasogezwa mita 300. Mita 300 Biryogo si njia nyingine tu, ni mtaa mwingine.

Hata nukta ya yule mama niliielewa. Alituma lokesheni akiwa ndani, chini ya mabati, kati ya kuta. Ishara za setilaiti ni dhaifu, zinagonga bati na ukuta, zinafika zimechelewa, na simu inakisia. Halafu kuna vilima. Ramani ni bapa, Kigali si bapa. Njia mbili zilizokaa pamoja kwenye kioo kama ndugu, ukifika unakuta moja iko juu na nyingine iko chini yake kama nyumba ya ghorofa, na katikati kuna ngazi za mawe. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi ile ishara ya raia, inakosea mpaka mita 100 hivi, na waliacha mwezi wa tano mwaka 2000. Kwa hiyo hii njia ya buluu tunayoiona kama imeteremka na Mitume haina umri mkubwa kuliko vijana wetu wa sekondari.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: setilaiti ile haikuoni. Inatangaza kama redio, wala haijui nani anaisikiliza. Simu inaweza kukuonyesha ulipo hata bila bando, kama ramani uliipakua mapema. Anayejua ulipo ni programu iliyo ndani ya simu, na ikiwa na intaneti inaweza kumpelekea habari mwenye programu. Tofauti hiyo kwa watu wengine ni ya kiufundi. Kwetu sisi si ya kiufundi.

Najua hivyo kwa sababu ya mama yangu. Mwaka uliofuata alipewa rufaa ya macho, akaja Kigali. Siku ya kumrudisha Kiziba niliomba gari kwa bosi, tukapita njia ya Muhanga. Kishikio nilikuwa nimeshanunua, simu iko juu pale karibu na kioo, nimeweka njia kabla hatujaondoka. Sauti ilipoanza kuongea Mama alishtuka.

"Weye mutoto, huyu mwanamuke iko naongea na nani?"

"Na mimi, Mama. Ananielekeza njia."

"Hauijue njia ya kwenda kwenu?"

Nikanyamaza. Baada ya muda akauliza tena, kwa sauti ya chini: "Kule juu, banatuonaka?"

Mama yangu amekaa miaka na simu ya tochi kwa sababu hiyo. Kwa mawazo yake, mtu aliyetufukuza kule Masisi anaweza kununua simu kubwa akatuona tulipo. Tulisimama Muhanga kula, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi: kule juu hawatuoni, ni kama redio. Akasikiliza. Halafu akasema, "Lakini humu ndani ya simu banajua." Nikamwambia ndiyo, humu ndani wanaweza kujua, na nikamwonyesha pa kuzimia. Alitaka kuizima mwenyewe kwa kidole chake. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena mpaka akaridhika.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili. Mara nyingi mnatuambia "tuma lokesheni", kwa nia njema, ili mtufikie na gari au msaada. Tutatuma. Lakini mtu aliyekimbia usiku kwa kujificha, mkimwomba aonyeshe alipo, mnamwomba kitu kikubwa. Mwelezeni inaenda kwa nani, inakaa muda gani, na anaizimaje. Mama yangu hakusoma, na alielewa kwa muda wa sahani moja ya ndizi.

Baada ya kula, gari bado limesimama, akaniuliza kama ile simu inaweza kuonyesha nyumbani. Sikutaka. Lakini alishavaa miwani yake mpya. Niliandika jina la kijiji, halikutokea. Nikaandika Masisi, ikatokea. Tukasogeza picha kwa vidole, Mama ananielekeza kama bibi wa Biryogo anavyoelekeza: kuna mto, fuata mto, kuna kilima chenye kanisa, shuka, kulikuwa na mikaratusi. Tulifika kwenye kilima cha kijani. Hakukuwa na nyumba. Labda ilikuwa kilima chenyewe, labda kingine. Mama aliweka kidole pale, akakiacha.

Bahati mbaya kidole kikabonyeza. Programu ikadhani tunataka kwenda. Ikachora mstari wa buluu kutoka Muhanga, ikapanda kaskazini, ikavuka mpaka wa Goma, ikaingia milimani mpaka chini ya kidole cha Mama. Jumla haifiki kilomita 300. Ikaandika na saa ya kufika: jioni hii hii. Pembeni kuna kitufe cha "anza".

Miaka yote ile, na simu inasema tungefika kabla ya kulala. Haikuandika vita. Haikuandika nani anakaa kwenye shamba letu, wala nani amesimama barabarani na bunduki. Mimi koo lilikauka. Mama aliuangalia ule mstari muda mrefu, halafu akasema, "Haiko uongo. Barabara ilikuwaka pale." Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Twende, kabla ya mvua."

Tangu hapo siichukii simu. Wala siiamini kama zamani. Ile programu inajua njia, na njia ni kitu kimoja. Kujua nani yuko njiani ni kitu kingine, na hicho kazi yake ni ya macho yangu.

Kwa hiyo nina masharti yangu sasa, na wadogo zangu mnaojifunza kuendesha nawaomba myachukue. Naandika ninakokwenda gari likiwa limesimama. Simu inakaa kwenye kishikio, chini ya usawa wa barabara lakini juu ya usukani, isizibe kioo. Nasikiliza sauti, siangalii mstari. Mteja akiwa mbele, nampa yeye simu aisome, na wengi wanafurahi kupewa kazi. Nikipotea, naegesha. Sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa kuegesha. Na nikiwa Biryogo naizima kabisa, nafungua dirisha nauliza. Hivyo ndivyo nilivyojua majina ya watu wa hapa. Miaka mitatu nilikuwa napita milangoni mwao nikiwa nimeinama.

Kiziba nako nina kazi niliyoianza. Kuna ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, inaitwa OpenStreetMap, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walijichorea mtaa wao wenyewe humo, vichochoro, mabomba, zahanati, maana kwenye ramani nyingi makazi ya watu wote wale yalikuwa patupu. Dar es Salaam wanafunzi na wakazi walifanya vilevile Tandale na kwingine ili kujua maji ya mafuriko yanapita wapi. Nikienda kumwona Mama, natembea na simu mkononi, kwa miguu, natia alama: hapa bomba, hapa zahanati, hapa njia ambayo gari la wagonjwa linapita mvua ikinyesha, na hapa ambapo halipiti. Nyumba za watu sizitii majina. Hilo nililijadiliana na Mama, na tulikubaliana.

Mteja wangu huyo anakuja sasa, anakimbia na mifuko mitatu. Na mbele yake namwona yule mvulana, amekuwa mrefu, amebeba thamosi nyingine, ya buluu hii. Kila akipita kwenye gari langu hugonga bati kwa kiganja na kunipigia kelele mtaa mzima usikie: "Shoferi! Angalia mbele!"

Ninaangalia, kaka. Ninaangalia.